Maji ya Sabato, Chini ya Mitego ya Kaa

Kaa wa mtoni hunaswa kwa uvundo. Hilo nilijifunza kijijini Manga, mwaka wangu wa tatu chuoni, tulipopelekwa wiki nzima kuwapima kaa na kuwaangalia vitwitwi, ndege wadogo wanaokuja huku wakikimbia baridi ya Ulaya. Chambo chetu kilikuwa matumbo ya kuku yaliyoachwa kwenye ndoo mpaka yakaoza. Siku ya kwanza nilitapika. Ya pili nikatapika tena, na wenzangu wakanicheka, eti mimi Msabato naogopa kaa kwa sababu Biblia inakataza kuwala. Biblia gani! Ilikuwa ile ndoo.

Mitego tuliitega juu kidogo ya pale ambapo mama mwenye shamba, aliyetupokea kwa chai na ndizi, alichota maji ya kunywa. Nilimwambia mhadhiri kwamba haifai.

"Mto hujisafisha," akanijibu. Yeye alikunywa maji ya chupa.

Ijumaa alasiri wenzangu walimwaga mabaki ya ndoo mtoni. Mimi nilikuwa nikitoa matumbo kwenye mitego kwa mikono mitupu. Punde mama akateremka na mtungi.

"Maji yangu inanuka," akasema. "Nimemwaga yote. Na Sabato inaingia."

Alitaka kuchota juu ya mitego yetu kabla jua halijazama, kwani baada ya hapo hangechota tena mpaka kesho yake jioni, na nyumbani alikuwa na wajukuu. Lakini kitwitwi alikuwa ametua palepale, wa kwanza wiki nzima. Mhadhiri akamwinulia mama kiganja bila hata kumtazama.

"Ngoja kidogo, mama. Utamfukuza."

Mama wa watu akangoja, jua likienda, sisi sote tumebandika darubini usoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Sisi tulikuja na matumbo! Nilichukizwa kuliko nilivyowahi kuchukizwa na ndoo.

Nikauchukua mtungi, nikaingia majini. Ndege akaruka. Mhadhiri akafoka kwamba nimemharibia kazi. Nilijaza mtungi kwa mikono miwili, nikampelekea mama, nikingoja ashukuru.

Akauinamia, akanusa. Akanishika mkono, akaunusa pia. Kisha akamwaga maji yote.

"Wacha nichote mwenyewe, mwanangu," akasema. "Hata wewe unanuka."