Mnada Uliochelewa Dakika Moja

Tangu mama yangu aje kukaa kwangu Olasiti baada ya kupasuliwa goti, hakuna mtu aliyetulia ndani ya nyumba ile. Daktari alimwambia atembee kidogo kidogo kila siku, naye akaishika amri hiyo kuliko alivyowahi kushika amri ya mtu yeyote. Alitoka chumbani na fremu yake ya chuma mpaka sebuleni, kutoka sebuleni mpaka jikoni, akasimama dirishani kuangalia kama Meru imefunguka, akarudi chumbani. Mlima ukiwa wazi alitafuta kwa macho shamba lake la migomba, ambalo liko upande ambao kutoka kwangu hauonekani kabisa. Sikumwambia.

"Ng'ombe wangu amepewa maji?" aliniuliza kila asubuhi, kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Mama, dada yuko kule nyumbani."

"Najua yuko. Nimeuliza habari za ng'ombe."

Na mimi mwenyewe si mtu wa kukaa. Ningekuwa mtu wa kukaa, leo ningekuwa bado nachonga stuli kwenye kibanda cha mjomba. Niliondoka Arusha na diploma ya elektroniki na begi moja, nikaenda Maskati, nikafunga televisheni na nyaya za hoteli ambazo wageni wake hawaijui bei ya mkate. Nilipanda kutoka msaidizi wa kushika ngazi mpaka msimamizi wa mafundi. Nikarudi, nikanunua kiwanja, nikachora ramani ya nyumba yangu mwenyewe. Kabla ya plasta nilipitisha nyaya ndani ya kuta za kila chumba, hadi jikoni. Fundi wa plasta alinicheka, akaniuliza kama nyumba ni ya watu au ya waya. Leo hakuna nyumba nyingine kama ile mtaani kwetu, na nasema hivyo kwa sababu nimeingia nyingi, nimeitwa kuzitengeneza.

Kwenye kabati la koridoni nina kompyuta ndogo isiyozimwa. Humo mna filamu, kwaya, harusi zote za ndugu, ubatizo wa watoto wote. Ukiwa sebuleni unaanza kuangalia kitu, unakisimamisha, unakwenda chumbani unakikuta palepale ulipokiacha. Kwa mama niliongeza televisheni chumbani mwake na tableti ukutani jikoni, ili akitembea na goti lake, anachokiangalia kimfuate.

Wiki ya kwanza hakikumfuata vizuri. Umeme ulikatika, uliporudi rauta ikagawa anwani mpya kwa kila chombo, na televisheni ya chumbani ikakaa inaitafuta kompyuta mahali ilipokuwa jana. Nikaipa kila moja anwani yake ya kudumu. Halafu harusi ya binamu yangu ikawa inatoa sauti bila picha, kwa kuwa ile televisheni ilikuwa ya zamani na haikuufahamu mfumo wa video zile. Nikazibadilisha zote. Nilikuwa nakwenda kabatini, narudi sebuleni, nakwenda chumbani, rimoti mkononi, na mama nyuma yangu na fremu yake.

"Baba, wewe nawe umepasuliwa goti?" aliniuliza.

Lakini kilichokuwa kinamchoma mama si harusi wala ng'ombe. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia.

Huko kwetu, Jumapili hiyo kila nyumba hupeleka kanisani kitu kilichotoka shambani. Ibada ikiisha vitu vinatolewa nje na kunadiwa kimoja kimoja, kuku, maziwa, kahawa, maharage, na fedha zinakwenda kanisani. Marehemu baba alipeleka kila mwaka mkungu wa kwanza wa mshare, ndizi zetu za kupika, kutoka migomba aliyoipanda nyuma ya nyumba alipooa. Aliutoa, kisha akasimama kwenye mnada na kuununua mwenyewe, ukarudi nyumbani, ukapikwa, tukaula wote. Mungu alipata chake na nyumba ikapata chakula. Hakuukosa hata mwaka mmoja. Baba alipofariki mama alisimama mahali pake, na watu wa usharika wakajua kwamba ule ni mkungu wa kukombolewa. Ila mnada ni mnada. Miaka ya karibuni alikuja mwenye hoteli ya barabarani, mtu mcheshi, mwenye kupenda mikungu mikubwa, asiyejua habari za marehemu baba wala hakuna aliyemwambia.

"Ukilala kwa mtu mwingine," mama alisema, "ndiyo basi. Baba yako atakuwa ameondoka kweli."

Alitaka nimpeleke kwa gari. Daktari alikataa, barabara ya kule juu haimfai mtu mwenye goti bichi. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, kanisa lingempata palepale Olasiti. Usharika wetu siku hizi hurusha ibada moja kwa moja kwenye intaneti kwa simu iliyofungwa juu ya stendi ya kipaza sauti. Dada yangu mkubwa, anayekaa pale nyumbani kwetu, angekuwepo mnadani na simu yake sikioni. Mama angeona kwenye televisheni, angesema "ongeza", dada angenyoosha mkono. Basi.

Jumapili iliyotangulia nikajaribu. Mtandao wa kule juu ni dhaifu. Picha ilikwama, kaduara kakazunguka, mchungaji akabaki mdomo wazi. Mama hakuweza kukaa. Ndipo nikafanya kazi ambayo nina hakika mafundi wengi wa mjini hawaijui. Niliiambia kompyuta ya kabatini iivute ibada yenyewe kwanza, iweke akiba ya karibu dakika nzima, ndipo iigawe kwenye vioo vyote vitatu kwa pamoja. Mtandao ukiyumba kule, sisi tunakula akiba. Nikajaribu tena kwenye ibada ya pili. Picha ilitiririka kama maji. Mama alitembea chumbani, sebuleni, jikoni, na mahubiri hayakukatika hata neno. Alisimama mlangoni akaniangalia.

"Kumbe kule ulisoma," alisema.

Jumapili ya mavuno mke wangu alikwenda ibada mjini na watoto. Mimi na mama tulibaki. Alivaa gauni lake la kanisani na kilemba, akaketi, akasimama, akaketi. Ibada ilipita vizuri. Watu walipotoka nje, na ile stendi ya simu ikahamishiwa uani, nilimpigia dada na kuweka sauti ya juu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mkungu wetu umeuona?"

"Uko mbele kabisa. Umeizidi mikungu yote. Mwambie huyo fundi wa Maskati aangalie, huku ndiko kuna vitu vya maana."

"Naangalia," nikasema. "Picha yangu nzuri kuliko macho yako."

Mkungu ulipoinuliwa, mnadishaji, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alianza. Pale kwetu kila mtu akiongeza, tarumbeta zinapigwa na akina mama wanaruka. Kwa hiyo kwenye simu hatukusikia kitu isipokuwa shaba na vigelegele. Mama akaiweka simu pajani na kutegemea macho yake. Kwenye kioo mwenye hoteli alinyoosha mkono.

"Ongeza," mama akaiambia simu.

Tarumbeta zikalia simuni. Tukasubiri. Kwenye kioo mnadishaji bado alikuwa anamsifu mwenye hoteli. Kisha, kutoka kundi la akina mama waliokuwa wameipa kamera mgongo, ukapanda mkono.

"Huyo nani tena?" mama akauliza. "Ongeza."

Tarumbeta tena simuni. Baada ya muda, kwenye kioo, ule mkono wa kike ukapanda tena.

"Mwanamke gani huyu asiye na haya? Anajua ule mkungu ni wa nani? Ongeza, mwanangu. Ongeza."

Simuni sauti ya dada ilitokeza kidogo kati ya kelele, "Mama, lakini..." ikamezwa. Kwenye kioo mnadishaji alikuwa anafuta jasho kwa kucheka. Alisema kuna mtu leo ameguswa sana, anajipandishia dau mwenyewe kwa ajili ya Bwana. Watu wakapiga makofi. Mama hakuyasikiliza maneno hayo. Alikuwa anautazama ule mkono kama anataka kuukata.

Mkono ukapanda mara nyingine na mara hii nikaiona saa. Saa ya dhahabu yenye uso wa kijani. Niliichagua mwenyewe sokoni Maskati, na mtu mmoja tu Meru nzima anayo.

"Mama," nikasema, "huyo ni dada."

"Dada yupi?"

"Huyo mwenye mkono. Picha inachelewa dakika moja. Unachokiona ni ulichosema wewe dakika iliyopita. Unashindana na wewe mwenyewe."

Mama aliniangalia, akaangalia kioo, akaniangalia tena.

"Yule mwenye hoteli yuko wapi?"

"Huenda alishaacha zamani."

"Kwa hiyo mashine yako inanigombanisha na binti yangu."

Mahubiri yakichelewa dakika moja bado ni mahubiri. Mnada ni kitu kingine. Nilikimbilia kabatini, nikaiondoa ile akiba ili picha ije moja kwa moja. Vioo vyote vitatu vikawa vyeusi, kisha kaduara. Nikiwa bado nimeinama nikasikia mama akisema "Haloo, haloo" sebuleni. Simu ilikuwa imekatika. Nikapiga, haikupatikana. Nikapiga tena nikitembea koridoni, nikiangalia tableti jikoni, nikirudi. Picha ikaja, ikaganda kwenye nusu ya uso wa mnadishaji, ikaondoka.

"Hapo ndipo sasa hivi?" mama akauliza.

"Ndipo. Ila imekwama."

"Na wao wanajua mkungu umekwenda kwa nani?"

"Nadhani wanajua."

"Mimi ndiye sijui." Alikuwa amesimama bila fremu, ameshika mgongo wa kochi. "Rudisha ile iliyochelewa. Ile ilikuwa inafika mpaka mwisho."

Nikairudisha. Kompyuta yangu haikuwa imetupa kitu; ilikuwa imeendelea kuvuta na kuhifadhi wakati vioo vikiwa vyeusi, kwa sababu niliiweka hivyo, na fundi mwingine asingeiweka hivyo. Picha ikaanza mahali tulipoiacha. Tukatazama jambo ambalo kule lilikuwa limeshapita, na hatukuweza kulisaidia kwa neno lolote.

Dada alikuwa amegeuka sasa, uso wake ukaonekana. Aliitoa simu sikioni, akaitazama, akaitikisa, akaiweka tena sikioni. Akaitia kwenye pochi. Ndipo mwenye hoteli, ambaye tulimdhania ameshaacha, akanyoosha mkono akicheka, na vijana wake wakampigia mluzi. Mnadishaji akageukia upande wa akina mama. Dada akasimama tu.

"Mara ya kwanza," alisema mnadishaji.

Mama alikuwa amenishika mkono wa shati.

Dada aliangalia chini. Dada yangu ni mtu wa kuuliza. Hajawahi kuchinja kuku bila kumuuliza mama. Aliangalia pochi yake.

"Mara ya pili."

Ile saa ikapanda. Haikupanda nusu kama mwanzo, ilipanda mpaka mkono wa gauni ukashuka begani. Mwenye hoteli alimtazama, kisha mzee mmoja akamnong'oneza kitu sikioni kwa muda. Akakunja mikono, akainama kidogo kuelekea dada, akaketi. Tarumbeta. Mkungu ukawekwa miguuni pa dada yangu.

Mama aliketi taratibu. Simu ikaita palepale.

"Mama, nisamehe, simu ilikata," dada alikuwa anahema. "Nimeongeza bila kukuuliza."

"Nimekuona."

"Umeniona lini?"

"Sasa hivi."

"Mama, imepita kitambo, nimeshaufunga kwenye bodaboda. Na bei, mama, sijui niseme vipi. Ulikuwa unaniambia ongeza, nami nikadhani unamtolea Mungu kwa ajili ya goti."

"Bei iko kwa mwenye mashine," mama alisema, akanipa simu.

Nililipa siku ileile, yote, na sikuona shida. Nilikwenda Maskati kwa ajili ya nini?

Mkungu ulifika jioni, umefungwa kwa kamba za mgomba nyuma ya pikipiki. Jumatatu mama alimenya ndizi akiwa amekaa kwenye stuli jikoni, akakataa mke wangu asimsaidie. Tulikula wote. Aliniambia mtori wa jikoni kwangu ni mwepesi kwa sababu ya maji ya Olasiti, kisha akaongeza bakuli la pili.

Nimeihifadhi ibada ile kwenye kompyuta na kuikata vizuri, mnada peke yake, rangi nimezisahihisha, sauti ya tarumbeta nimeipunguza ili maneno yasikike. Nimeigawa kwa ndugu wote, hadi wa Dar. Tangu siku hiyo nimepunguza ule ucheleweshaji ukawa sekunde chache tu. Vioo viwili vinakubaliana. Televisheni ya chumbani kwa mama bado inabaki nyuma kidogo, na nimeshaifungua mara nyingi kutafuta sababu.

Mama anauweka mnada ule karibu kila siku. Anauanzisha sebuleni, anainuka na fremu yake, anaufuata chumbani. Mimi nikiwa koridoni nasikia "mara ya pili" kutoka sebuleni, halafu, baada ya kimya kidogo, "mara ya pili" kutoka chumbani, na katikati yake hatua za mama zinaharakisha ili awahi kukaa kabla mkono wa dada haujapanda.