Mkoba Wangu Kwenye Kabati la Wazembe

Kazi yangu ni kukagua miradi ya kuwafunza wanafunzi uwajibikaji, na sinunuliki kwa mahamri. Shule moja ya Kakuyuni niliikagua kutwa nzima nimekunja uso. Walikuwa na kabati la vitu vilivyosahauliwa, akilitunza msichana wa darasa la sita. Aliyesahau kitu hukidai asubuhi mbele ya gwaride kwa kutamka, "Nimezembea." Nikaandika kwenye fomu kwamba sioni faida yake, nikarudi zangu Malindi.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa mkoba wenye fomu zote nimeuacha shuleni, juu ya benchi.

Asubuhi yake nilidamka, nikitaka kuuchukua kimyakimya. Yule msichana akaniamkia, "Shikamoo," kwa adabu kamili, kisha akaniarifu kuwa mkoba uko kabatini na gwaride bado kidogo. Nikamtazama mwalimu mkuu aniokoe. Akasema ufunguo anao msichana, akaendelea na chai yake.

Basi nikapanga foleni pamoja na mtoto wa darasa la pili, aliyekuwa na kiatu mguu mmoja tu. Nikaitwa kwanza, kwa kuwa ni mgeni. Nikasema, "Nimezembea," kwa sauti ya kujisikia mwenyewe.

Yule mtoto akanivuta mtandio.

"Sema kwa nguvu, mwalimu," akaninong'oneza. "Wa nyuma wasiposikia, unarudi kesho. Mimi hii ni siku ya tatu."