Nilimdanganya daktari, mke wangu akiingia theatre

Heshima zenu wakuu. Hapa siongezi chumvi, na kwangu hiyo si kazi ndogo.

Mimi ni mwongo. Si wa kutafuta faida. Nikila ndizi nasema nimekula wali. Nikiwa Keumbu nakwambia niko Nyakoe. (Hiyo mnafanya nyote, tulieni.)

Mwaka jana mke wangu Kemunto alishikwa na tumbo tukiwa nyumbani Ekerenyo. Tukamkimbiza hospitali Kisii mjini. Wakasema ni kidole tumbo, kinakaribia kupasuka. Akadungwa sindano ya maumivu, akawa anasinzia tu.

Daktari wa nusukaputi akaniuliza mgonjwa alikula lini. Mama mkwe ameketi pale pale.

"Hajala tangu jana," nikasema.

Wakuu, alikuwa amekula ugali na mboga za chinsaga muda mfupi kabla ya kuanza kulia. Kwa nini nilisema vile? Sijui. Ulimi ulitangulia.

Kitanda kikasukumwa ndani ya theatre, chumba cha upasuaji. Nesi akasema afadhali hajala, kwa sababu tumbo likijaa mgonjwa anaweza kutapika akiwa usingizini, chakula kiingie mapafuni, afe.

Nikaganda. Sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya na wakwe. Mbele ya mama mkwe hata kucheka ovyo huwezi, sembuse kujitangaza mwongo. Nikasimama, nikaketi, nikasimama tena. Kemunto angekufa nikichunga heshima.

Nikagonga ule mlango kwa ngumi.

"Daktari, nimekudanganya. Amekula leo."

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Aibu ile sijawahi kuiona.

Wakabadilisha mpango, wakamwekea mpira wa kulinda njia ya hewa. Akapona.

Baadaye daktari aliniita. Nilitarajia matusi, akanieleza habari za ubongo. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo breki. Kuna nyingine inayokutia hofu ukidanganya. Ukizoea kudanganya, ile hofu inafifia, na uongo unatoka kabla breki haijashika. Hakunipima, kwa hiyo msiniite mgonjwa. Alinituma kwa mshauri, na bado naenda.

Nilichojifunza: uongo mdogo ni mazoezi ya ule mkubwa.

Kemunto alipopata nguvu nilimsimulia nilivyogonga mlango.

"Hiyo nayo umetunga," akasema, akageukia ukutani.

Na mama mkwe siwezi kumwomba ushahidi.

Kama kuna mtu hapa aliishi na mwongo, halafu akaja kumwamini tena, aniambie ilichukua muda gani.