Buti za Namba Thelathini na Nane

Kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali walimwita Bi Pasi, maana kwa miaka ishirini na tisa hakuwa na kazi nyingine ila kunyoosha mashuka na magauni ya wagonjwa. Dada yake alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine za kufulia. Hawakuolewa, si yeye wala dada. Walipanga vyumba viwili, wakala chungu kimoja, wakagombana kila jioni kuhusu dirisha, mmoja akitaka hewa na mwingine akiogopa mafua. Siku ya mapumziko ikifika, walikwenda mtoni kuvua.

Buti za kuingilia majini zilikuwa jozi moja tu, namba arobaini, saizi ya dada. Dada akichoka ndipo Bi Pasi alizivaa, akijaza vitambaa mbele ya vidole. Akilalamika kwamba zinampwaya, dada alimjibu kutoka ukingoni, "Mguu utazoea tu. We endelea kupiga kelele, samaki wanakusikia."

Dada alifariki mwanzoni mwa mwaka, kwa presha, ndani ya siku mbili. Watu walikuja, wakazika, wakakaa siku chache, kisha kila mtu akarudi kwake. Ndugu waliobaki walikuwa mbali na walipiga simu, mwanzoni kila siku, baadaye wakikumbuka. Jioni Bi Pasi alifunga dirisha, na hakuna aliyeinuka kulifungua. Ikabidi alifungue mwenyewe.

Mwezi wa nne alijikaza akaenda mtoni peke yake. Hakufika mbali. Aliteleza kwenye jiwe, buti la kushoto likajaa maji, mkondo ukalivuta. Alishika mzizi kwa mikono miwili, na aliposimama, mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Buti aliliona mara moja tu, likielea kichwa chini, kisha likapotea kwenye kona. Alirudi nyumbani akichechemea mtaa mzima, mguu mmoja na buti, mmoja peku.

"Bi Pasi, kulikoni?" jirani akauliza.

"Maji yamechukua."

Jirani alicheka, bila ubaya wowote. Bi Pasi aliingia ndani, akakaa sakafuni na lile buti lililobaki, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye duka la zana za uvuvi na makoti ya mvua. Alikwenda alasiri makusudi. Mtu aliyefanya kazi ya kusimama anajua kwamba miguu ya asubuhi siyo miguu ya jioni, kutwa huvimba. Kwenye mkoba alibeba soksi zake nene.

Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. "Karibu dada. Unamtafutia nani?"

Bi Pasi aliuweka mkoba juu ya meza. Maisha yake yote neno "dada" lilikuwa la mtu mwingine.

"Nataka buti za kuvulia, kaka. Namba arobaini."

"Za mzee nyumbani?"

"Za kwangu. Nyumbani hakuna mzee."

Muuzaji akaitazama miguu yake. "Arobaini kwa mguu huo? Hebu kaa kwanza." Akaleta kibao cha kupimia. "Thelathini na nane, dada. Tena wa kushoto ndio umezidi kidogo."

"Haiwezekani. Nimevaa arobaini miaka yote."

"Basi umevaa za watu," akasema kwa mzaha. Alipoona hacheki, akabadili sauti. "Huko unakovua, chini kuna nini? Tope, mchanga?"

"Mawe. Yanateleza kama sabuni."

"Na mnakwenda wangapi?"

"Peke yangu."

Muuzaji akaishusha miwani machoni. "Basi hapa tusiharakishe."

Buti za kwanza zilikuwa za mpira, ndefu hadi magotini. Bi Pasi alizikataa bila kuzivaa; alishajua maji yakiingia kwa juu unabeba ndoo mbili miguuni. Za pili zilikuwa laini, za kupendeza. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kama alivyokuwa akikagua pindo za mashuka. "Hizi zimegundishwa tu. Zikilowa mara kumi zitaachama."

"Umewahi kushona viatu?"

"Mashuka," akasema.

Za tatu zilikuwa za kamba, zinazoshika kifundo cha mguu. Zilishonwa mara mbili, soli ina meno mazito, mbele pagumu, ubavuni vitundu vya kutolea maji. Alizivaa na soksi zake. Muuzaji akamwambia apande ngazi za duka kisha ashuke. Wakati wa kushuka, vidole havikugonga mbele. Kisigino hakikuchomoka. Akapanda tena, akashuka tena.

"Zinabana?"

"Hazibani. Zimenishika."

Hakuwahi kujua kwamba kiatu kinaweza kumshika mtu hivyo. Akaona aibu, kana kwamba amemsengenya dada yake mbele ya mgeni, na machozi yakamlenga. Muuzaji akainama chini ya meza kutafuta boksi, akachelewa sana kuliona.

Jumamosi aliingia mtoni mapema. Maji yaliingia kwenye buti na kutoka, na soli ikayang'ata mawe. Akaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye mwamba wa katikati, mahali ambapo kwa miaka yote walipaonyesha kwa kidole tu. Hapo akapata kambare mnene, urefu wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Akamwinua juu, akageuka.

"Dada, tazama!"

Ukingoni kulikuwa na kikapu na kandambili zake mwenyewe.

Alibaki pale mwambani muda mrefu, mshipi ukielea bila chambo.

Alipotoka majini, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye kwa miaka walikuwa wakiitikiana kwa kichwa tu, alimsogelea. "Buti nzuri hizo. Umezipata wapi?"

Bi Pasi akamweleza. Akataja duka, akaeleza soli na mshono, soksi za kubeba, saa nzuri ya kwenda, ngazi za kupanda na kushuka, vidole visigonge. Aliongea mpaka koo likakauka. Ndipo akaona kwamba mzee ameshafunga vitu vyake, yuko wima, fimbo ya kuvulia begani, akimsubiri kwa adabu amalize.

"Nashukuru, mama. Nimeelewa kabisa," akasema, akaondoka.

Wiki mbili mzee hakuonekana. Ya tatu alikuwepo, ng'ambo ya mto. Aliinua mkono. Bi Pasi naye akainua wake, kisha kila mmoja akaendelea kuvua.