Samaki wakavu walivyotaka kunifanya nivunje ndoa ya binti yangu

Wakuu, amahoro. Nawaandikia kutoka Rumonge.

Shule mimi niliishia njiani, herufi mutanisamehe. Ila mashine ya kukamua mawese ninayo, nyumba ya matofali ninayo, na hakuna mtu alinisaidia. Haya yamenipata mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Binti yangu Zaina ameolewa Kabonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Mukwe wangu ni muvuvi ziwani. Kila Ijumaa Zaina anampa dereva wa basi samaki wabichi, mukeke wa ziwa letu, aniletee, mimi narudisha bidoni, yaani dumu, ya mawese. Simu hatupigiani. Samaki wakifika, najua nyumba iko salama.

Ijumaa moja dereva akanipa samaki wakavu. Wamebanikwa.

Samaki tu, wakuu! Lakini kichwa kikaanza.

Kwa nini wakavu? Labda aliyewafunga si Zaina. Labda anaumwa. Labda mukwe ameoa mwingine, na huyo ndiye ananitumia mabaki. Nikamwona hadi sura, huyo mwanamke!

Vijana mutasema si ungepiga simu. Telefone ilikuwa mfukoni. Niliogopa atakachosema.

Moyo unapiga kama mashine yangu. Nikamwambia mke wangu: naita ndugu zangu, twende tumchukue mutoto wetu.

Mama Zaina alikuwa anachemsha mawese kwenye pipa. Hata hakugeuka.

"Ukifika utasema nini? Kwamba samaki walikauka?"

"Wewe hujui mambo."

"Sawa, muzee mjuaji. Kaa hapa unisikilizie mafuta. Yakinyamaza, nenda."

Kwa wasiojua: mawese yenye maji yanalia motoni. Maji yakiisha, yananyamaza. Hapo unatoa haraka, la sivyo yanaungua.

Sasa kusikiliza mafuta huku unasikiliza kichwa, haiwezekani. Nilijaribu. Kila nikirudi kwa yule mwanamke wa Kabonga, sauti ya mafuta inapotea, naogopa kuunguza pipa zima, narudi kwenye mafuta.

Yaliponyamaza, kifua changu kilikuwa kimeshuka. Nikapiga simu.

"Papa, samaki wamefika?"

"Wamefika. Mbona wakavu?"

Kicheko, na mumewe anacheka nyuma yake.

"Papa! Kwani huko Rumonge mwezi hautoki?"

Wakuu, mwezi ulikuwa umejaa. Mwezi ukijaa, taa za wavuvi hazina kazi, mukeke hawazifuati, mitumbwi inalala, wabichi hakuna. Hata mutoto mdogo wa ziwa hili anajua. Na mimi mwezi huo nilikuwa nimeutazama nikitoka msikitini!

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Jambo nalijua, kichwa changu mwenyewe kililificha wapi? Ningemwaibisha binti yangu mbele ya wakwe wote, kwa mwanamke ambaye hayupo.

Nilichoshika ni hiki: kichwa kikianza, natafuta kitu cha kusikiliza, na siamui neno mpaka kichwa kinyamaze. Kwa nini inasaidia, sijui.

Na si kwamba nimepona. Ijumaa iliyopita samaki walikuja wabichi, wengi kuliko kawaida. Nikaanza tena: kwa nini wengi?

Mama Zaina aliniangalia tu, akanionyesha pipa.

Anayeelewa ugonjwa huu anieleze, ila kwa maneno mafupi. Murakoze.