«Might» Niliyoiita Nguvu

Nakumbuka Alhamisi moja pale Magamba, mwanangu, na hata leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijijini hapakuwa na msichana aliyejiona anajua Kiingereza kuliko mimi. Akaja Mzungu mmoja anayetengeneza jemu. Akaonja plamsi za mama, macho yakamng'aa, akasema: "I might come on Saturday and take everything."

Sasa, hiyo «might» nilikuwa nimeikuta mara moja tu, kwenye kamusi ya shule, nayo kamusi ilisema: nguvu. Sikusita. Nikamgeukia mama na jirani zake.

"Anasema atakuja Jumamosi kwa nguvu zote, azichukue zote."

Wee, vigelegele! Ijumaa tulichuma tangu alfajiri, tukiimba, hatukuacha hata moja mtini. Mavuno yote ya mama yakaingia kwenye matenga, nami nikipita kifua mbele kama mkalimani wa Rais.

Jumamosi tukangoja. Adhuhuri ikapita, na plamsi ikishachumwa haimngoji mtu, zikaanza kulainika. Mama akaanza kuzitenga zilizobonyea, na hilo ndilo lililoniuma. Ndipo alipofika mjomba, mwalimu mstaafu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza habari ya Mzungu, akaniambia:

"Hebu nipe maneno yake, si yako."

Nikampa. Akatikisa kichwa. "Binti, huyo alisema huenda. Huenda akaja, huenda asije. Mbona hukumuuliza?"

"Niliona aibu, mjomba."

"Kuuliza si ujinga. Sasa aibu yako anailipia mama yako."

Nilijitwisha tenga hapo hapo. Mimi na mama tukadandia gari la mboga na matenga yote hadi Mazinde, kwenye barabara kuu, nami nikakimbilia kila basi lililosimama, nikinadi mpaka sauti ikakauka. Ee, nilikimbia siku ile! Matenga mawili yalioza, mengine tukauza. Mama akanitazama nilivyolowa jasho, akacheka: "Nguvu zenyewe nimeziona."

Mwanangu, simu yako hutafsiri kabla hujapepesa jicho, lakini nayo huweza kukuchagulia maana isiyo yake. Neno usilolijua usiwapelekee watu; muulize aliyelisema ungali naye. Na ukiambiwa huenda, palilia shamba lako, lakini matunda yaache mtini. Mungu akujalie ulimi wa kweli, na akuondolee haya ya kuuliza, ili mama yako asilipie kiburi chako.