Uzi wa Sita Ulivyoniumbua Nyamira

Nilikwenda Kisii na Nyamira kwa sababu Mwalimu Kemunto aliniita, naye aliniita kwa sababu nilimjazia masikio majigambo kwenye simu. Wengi wenu hapa Changamwe mnamkumbuka. Alifundisha shule ya msingi hapa kwetu na kuiongoza kwaya ya mtaa, nami nilikuwa nikiipigia gitaa, kabla hajarudi kwao Birongo. Huko aliongoza kwaya ya kanisa dogo la Wasabato lililo upande wa Nyamira. Wazee wa kanisa hilo hawakuwahi kuruhusu ala yoyote, na vijana walikuwa wakimhama mmoja mmoja kwenda kwenye makanisa yenye vinanda. Aliwabembeleza wazee kwa muda mrefu sana, hadi wakamkubalia Sabato moja ya majaribio, kwa sharti moja tu: pasiwe na ngoma.

Nami nilikuwa na kitu kipya cha kuringia. Nilikuwa nimeachana na kompyuta jukwaani, baada ya ile yangu kuzima katikati ya harusi na kuniacha nimekodoa macho. Sasa gitaa langu lina pikapu inayousikiliza kila uzi peke yake. Pikapu inapeleka habari kwenye kisanduku, kisanduku kinazigeuza kuwa midi, na waya wa midi unaingia kwenye sinthesaiza mbili, mashine zenye sauti za ala nyingi. Waya huo haubebi sauti, unabeba maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu hii. Maagizo hupita kwenye chaneli kumi na sita, na kila sauti ndani ya sinthesaiza imepewa chaneli yake. Ni kama watoto wa nyumba moja, anayeitwa jina ndiye anayeitika. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye gitaa anaweza kutoa sauti ya kinanda cha kanisa na ya fidla kumi, hata ya ngoma, bila kompyuta yoyote. Nilimweleza Mwalimu hayo yote, akasema, "Njoo. Lakini kaka, nimewaambia wazee hakuna ngoma. Nimesema kwa mdomo wangu."

Jumatano jioni niliondoka Mombasa na basi, vyombo vyangu nimevifunga ndani ya blanketi. Asubuhi tulipita Narok, kisha Bomet na Sotik, na tulipofika Keroka nikaona majani ya chai yamefunika vilima hadi kwenye milango ya watu. Baridi ilikuwa kali kwangu mimi mtu wa joto. Nilivaa mashati mawili, na jirani yangu kwenye kiti akacheka akaniuliza kama huko nitokako tunalala nje.

Alhamisi saa tano nilishuka Kisii mjini. Ilikuwa siku ya soko, nikatembea hadi Daraja Mbili kununua pazia la mtumba la kutandika juu ya meza ya vyombo, maana Mwalimu alisema meza ya kanisa ina vumbi. Mama aliyeniuzia alinichagulia la kijani na kunipa ndizi mbili za bure, kwa kuwa, alisema, nimekonda. Ningepanda boda boda hapo hapo niende Birongo, msingesoma haya.

Badala yake niliingia kwenye duka la spika la mtu mmoja aitwaye Ombati, nikimtafuta fundi wa kuniuzia waya wa akiba. Ombati aliona gitaa, akauliza kile kisanduku ni cha nini. Mimi na kuulizwa ni kama ulevi. Nilipanga vyombo vyote barazani kwake, nikapiga kinanda, nikapiga fidla, watu wakasimama. Kijana mmoja wa boda boda akasema, "Iko poa, lakini hii ni ya matanga. Beat iko wapi?"

Basi nikawaonyesha. Kila uzi wa gitaa unatuma kwenye chaneli yake, na zinafuatana. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, nilikuwa nimeuweka chaneli ya kwanza, kwa hiyo uzi wa sita, ule mnene, ulikuwa chaneli ya sita. Nikausogeza wa kwanza hadi ya tano, na sauti za sinthesaiza nazo nikazisogeza, ili wa sita uangukie ya kumi. Sasa chaneli ya kumi, kwa desturi ya vyombo hivi, ni ya ngoma. Uzi mnene ukiupiga wazi unalia pa, ngoma ya vijiti. Ukiubana juu kidogo unalia dum. Nyuzi tano zinaimba, mmoja unapiga ngoma. Baraza lilichangamka, akina mama wenye vikapu wakatikisa mabega, na Ombati akanipa kitanda kwake bure. Niliuhifadhi mpangilio ule kwenye kisanduku ili nisiupoteze. Ijumaa asubuhi nikaupiga tena, kwa sababu watu walirudi na wenzao.

Ijumaa saa kumi na moja ndipo nilipofika Birongo, nikiwa nimechelewa kwa saa sita, maana nilimwambia kwa simu kwamba ningefika saa tano asubuhi. Mwalimu Kemunto alikuwa amesimama sokoni akiningoja, na hakunigombeza. Alinisalimu kwa Kigusii salamu ya jioni, "Bwairire," akanichukulia mfuko mmoja, na tukaenda moja kwa moja kanisani na boda boda mbili.

Mzee Nyakundi, mzee wa kanisa, alitufungulia mlango. Ni mtu mrefu, mkulima wa chai, anayeongea polepole kana kwamba kila neno analivuna. Aliniambia, "Karibu mgeni. Panga haraka haraka, jua likishatua Sabato imeingia, hatushiki kazi tena." Nilitandika pazia la kijani, nikaunganisha waya, nikajaribu nyuzi nyembamba. Sauti ya kinanda ikajaa ndani ya mabati yale, na Mwalimu akafumba macho. Kisha akayafumbua, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ngoma umetoa?"

Nikasema, "Nilishatoa."

Sikuwa nimetoa. Ilikuwa kazi ya dakika chache, lakini watu walianza kuingia kwa ibada ya kufungua Sabato, na niliona haya kupapasa vitufe mbele yao huku jua linatua. Nilijiambia nitafanya asubuhi. Asubuhi watu walinizunguka mlangoni kunipa mkono, wakimwita mwenzao aje amwone mtu wa Mombasa, nami nikavimba kichwa na kusahau kabisa.

Jumamosi, saa nne na nusu, kwaya ilisimama. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa sauti za juu, nikaupiga kwa nyuzi nyembamba, na sitasema uongo, ulikuwa mzuri. Nilimwona bibi mmoja mbele akijifuta macho kwa leso. Mzee Nyakundi alitikisa kichwa kidogo, kwa kukubali. Wimbo wa pili ulianza chini. Nikashusha kidole gumba kwenye uzi wa sita.

Pa.

Kwaya iliendelea. Nami, kwa mazoea ya mkono, nikapiga tena. Pa, dum. Mtoto akacheka. Nikashtuka, nikaufunika uzi ule kwa kiganja ili unyamaze, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu kisanduku husoma kila mtetemo, hata wa kiganja. Zikamwagika ngoma mfululizo, pa pa dum dum pa, mbele ya mimbari, siku ya Sabato. Waimbaji wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Nilichomoa waya, na kanisa lote likawa linanitazama.

Mzee Nyakundi aliinuka. "Mgeni, hiyo ngoma imetoka wapi?"

Nilijua ilikotoka. Nilijua hata namba ya chaneli. Mdomo wangu ukasema, "Sijui, Mzee. Naona vitufe vimeguswa na mtu."

Hakuna aliyekaribia meza ile isipokuwa mimi na Mwalimu Kemunto, na kila mtu alilijua hilo. Nilitazama chini kwenye pazia. Nikamsikia Mwalimu akisema, "Ni mimi, Mzee. Nilipanguza vumbi asubuhi. Pengine niligusa."

Mchana wazee walikaa katika chumba cha nyuma. Walipotoka walisema ala hazitaingia tena, na kwamba Mwalimu apumzike kuongoza kwaya. Nilikula kwake chakula cha mchana, ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ya majani ya huko, iliyopikwa kwa maziwa, akinipakulia yeye mwenyewe na kuniuliza kama baridi inanisumbua. Alinitajia habari za shule, bei ya ndizi, barabara. Nilitamani anitukane.

Jumapili asubuhi niliaga mapema kama mwizi. Nilifika Kisii, nikakata tikiti ya Nairobi, nikakaa kwenye benchi na mizigo yangu. Basi lilipoita abiria, sikuinuka. Sijui niite nini kilichonishika, lakini nilikuwa nikilisikia lile "ni mimi, Mzee" kila nikifumba macho. Nikapanda boda boda nikarudi.

Mzee Nyakundi nilimkuta shambani akichuma chai, kikapu mgongoni. Nilisimama kati ya mistari nikamweleza yote: baraza la Ombati, uzi wa sita, uongo wa Ijumaa na ule wa Sabato. Hakuacha kuchuma. Nilipomaliza akasema, "Sasa unataka nini? Unataka nikusamehe wewe, ama unataka mwalimu arudi?"

"Mwalimu arudi."

"Basi hujafika bado. Hiyo maneno ulisema mbele ya watu. Huku kwa chai tuko wawili tu." Akatupa majani kikapuni. "Kuja useme Sabato ingine. Mimi sitakusemea."

Nilikuwa na harusi ya kupiga Mombasa Jumamosi hiyo. Nilipiga simu nikaikataa. Nilirudi Birongo nikamwambia Mwalimu kuwa nimeenda kwa mzee na kwamba nitangoja hadi Sabato. Akasema tu, "Sawa, kaka," akanionyesha chumba cha mwanawe aliye bweni. Wiki nzima nilimsaidia kukata ndizi na kubeba maji. Majirani walinijua. Walinisalimu vizuri, kisha wakanong'onezana nikishapita.

Sabato ya pili nilisimama mbele ya kanisa mikono mitupu. Nilisema, "Ngoma ile niliiweka mimi, mjini, nikitaka kusifiwa. Mwalimu aliniuliza nikamdanganya. Hakugusa kitu. Nilimwacha abebe aibu yangu." Hakuna aliyesema amina. Mzee Nyakundi alingoja nikae, kisha akageuka na kusema, "Mwalimu, imbisha." Kemunto akapanda mbele, akawapa sauti, wakaimba bila ala yoyote. Kati ya waimbaji vijana niliowahesabu Sabato ya kwanza, wawili hawakuwepo tena.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwuliza kwa nini aliubeba uongo wangu. Akasema, "Ulikuwa mgeni wangu. Kwetu mtu haaibishi mgeni wake mbele ya watu. Na nilifikiri ukiona nimesimama, utaniangalia, halafu utasema. Nilikungoja, kaka. Hukuniangalia hata mara moja."

Nilirudi Mombasa kwa njia ile ile. Mkiniuliza nilijifunza nini, nitawaambia kwamba kosa la hadharani huombewa radhi hadharani, na kwamba mtu anaweza kujua namba ya kila chaneli na asijue pa kuyaweka macho yake. Gitaa bado ninapiga, na kila nikipanga vyombo naanza na uzi wa sita. Mwalimu Kemunto anaongoza kwaya yake. Huniandikia salamu za Sabato njema kila wiki, kama anavyowaandikia watu wote walio kwenye simu yake. Hajaniita tena, nami sijathubutu kumwuliza.